Maji ya Coco leo yanafaa kuogelea? Hakuna ubao wa kutuambia, na kuupata inawezekana

Mpimamaji (mleta uzi)

Habari za muda huu wakuu. Uzi ni mrefu, mnivumilie, hasa wazazi mnaopeleka watoto ufukweni sikukuu.

Idd moja iliyoangukia katikati ya masika tulikwenda Coco Beach, hapa Dar, kifamilia. Usiku wake mvua ilipiga mpaka alfajiri. Tulifika kama saa 5 asubuhi, maji yamekupwa mbali. Mbele yetu kulikuwa na mtaro unaotoka upande wa barabara, unakata mchanga, na kabla haujafika baharini unatuama na kufanya kidimbwi. Upana wake hatua kumi hivi, maji ya magotini, vuguvugu, hayana wimbi hata moja. Mzazi yeyote anayeogopa mawimbi angesema "cheza hapo hapo, usiende mbele". Shemeji yangu alimwambia hivyo hivyo mwanawe wa miaka 4. Humo ndani kulikuwa na watoto kama ishirini, wengine wanarushiana maji, wengine wamelala kifudifudi wanapuliza mapovu.

Nilipoinama kumpa mtoto soda, nikaona ukingo wa kile kidimbwi una utando mweusi unaoteleza. Nikaukwangua kwa kidole. Chini yake mchanga ulikuwa wa kijivu na unanuka yai viza. Nikamtoa pale pale, lakini alishakaa humo zaidi ya nusu saa. Usiku wa pili akaanza kuhara na kutapika, siku ya tatu tuko zahanati, mtoto ametundikiwa dripu, macho yameingia ndani.

Siwezi kuapa kwamba ni yale maji. Siku ile alikula mihogo, alikula embe, alinyonya barafu. Ila hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Kazi yangu ni ya maabara, kila siku napima maji ya kunywa. Kisima kikitoa vimelea vya kinyesi tunaandika ripoti, kinatibiwa au kinafungwa. Bahari ambayo watoto wetu wanaimeza kila sikukuu sijawahi kuona ubao hata mmoja ufukweni unaosema juzi ilipimwa ikaonekana hivi.

Na wanaimeza kweli. Wamarekani waliwahi kupima kiasi cha maji ambacho waogeleaji wanameza kwenye bwawa: kwa dakika 45, mtoto alimeza wastani wa mililita 37, mtu mzima 16. Mililita 37 ni kama vijiko saba vya chai. Nani hapa angemnywesha mwanawe vijiko saba vya maji ya ule mtaro?

Sasa niwaeleze upimaji wenyewe, maana watu wengi wanadhani ni jambo la nchi tajiri na mashine za ajabu.

Hatutafuti kipindupindu wala homa ya matumbo moja kwa moja. Vimelea vya magonjwa ni vya aina nyingi mno, na leo vipo, kesho havipo. Tunatafuta bakteria wanaoishi kwenye utumbo wa watu na wanyama, ambao wakionekana tunajua kinyesi kimepita hapo. Kwa bahari wanaotumika zaidi ni enterokoki. Unaingia majini mpaka kiunoni, unaigeukia njia mkondo unakotoka, unazamisha chupa iliyotakaswa sentimita 30 chini ya uso wa maji, unaifungua huko huko, inajaa, unafunga. Chupa inakwenda kwenye boksi la barafu na inatakiwa ifike maabara ndani ya saa 6. Pale unapitisha mililita 100 kwenye kichujio chembamba kama karatasi, chenye vitundu vidogo kiasi kwamba bakteria hawapiti. Kichujio unakilaza juu ya chakula chao kwenye kisahani, unakiweka kwenye inkubeta, yaani kabati la joto, ya nyuzi 41, unakwenda nyumbani kulala. Kesho yake unakuta vidoti vyenye duara la buluu pembeni. Unahesabu kidoti kimoja kimoja kwa lenzi. Kila kidoti kilianza na bakteria mmoja, au kijikundi chao, aliyekuwa kwenye yale maji.

Nikiwa mafunzoni tulichota sampuli karibu na mdomo wa mtaro baada ya mvua. Kisahani kilitoka buluu tupu, hakuna pa kuanzia kuhesabu. Tuliandika "haihesabiki", tukarudia kwa kuyachanganya maji yale na maji safi mara mia.

Shirika la Afya Duniani lina vipimo vyake kwa maji ya bahari. Katika kila sampuli 20, kama 19 ziko chini ya enterokoki 40 kwa mililita 100, ufukwe ni wa daraja la juu na hatari ya kuumwa tumbo ni chini ya mtu 1 kati ya 100. Kati ya 41 na 200, hatari inapanda mpaka watu 5 kati ya 100. Ukivuka 500, zaidi ya mtu 1 kati ya 10 anayeingia majini anaweza kuondoka na tumbo bovu. Siku ya Idd, watu wamejaa mpaka mchanga hauonekani, hebu pigeni hesabu hiyo wenyewe.

Na Dar yetu mnaijua. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, unakatiza Vingunguti na Jangwani, unamwaga baharini pale daraja la Salenda, Coco ikiwa jirani kwa upande wa kaskazini. Sehemu kubwa ya jiji haijaunganishwa na bomba la majitaka, tuna vyoo vya shimo na makaro. Mvua ikinyesha kuna watu wanatapisha vyoo usiku, kinachotoka kinafuata mtaro, mtaro unafuata mto, na mto mwisho wake ni bahari.

Ninachodai ni kitu kimoja: ubao. Fukwe za watu wengi zipimwe kila wiki, na matokeo yabandikwe pale pale ufukweni, kwa Kiswahili na kwa rangi, siyo yakae kwenye faili. Karibuni tujadili kwa staha.

---

Kijana wa Msasani

Mkuu heshima yako, lakini hapa unatia watu hofu. Sisi tumekulia kwenye maji hayo, tunaogelea kila siku baada ya shule, hakuna aliyekufa. Maji ya chumvi yanaua kila kitu. Bibi yangu mtu akiwa na kidonda alikuwa anampeleka baharini, kinakauka.

---

Mpimamaji

Ndugu yangu, bibi hakukosea kwa bahari ya wakati wake. Sensa ya 1967 ilikuta Dar ina watu wasiofika laki tatu. Ya 2022 imekuta milioni 5.38. Bahari ni ile ile, mzigo inaobebeshwa siyo ule.

Chumvi inawadhoofisha bakteria, ni kweli, ila haiwaui papo hapo. Anayeua zaidi ni jua. Ndiyo maana sampuli huchukuliwa asubuhi mapema, ukichota saa 8 mchana unapata namba nzuri zinazokudanganya. Na maji yakiwa ya tope, jua halipenyi, vimelea wanabaki kivulini. Enterokoki walichaguliwa kwa sababu wanastahimili chumvi kuliko E. coli, bakteria mwingine wa utumbo. Miaka ya 1970 mtafiti Mmarekani Victor Cabelli na wenzake walikwenda fukweni, wakawahoji waogeleaji na kuwafuatilia siku zilizofuata, huku maji ya siku ile ile yakipimwa. Waliona kwamba enterokoki wakipanda majini, matumbo mabovu yanapanda. Kwa vimelea vingine vilivyozoeleka kupimwa, uhusiano huo haukushikana vizuri hivyo.

Halafu kuna virusi vya kuharisha. Hao nao chumvi haiwamalizi haraka.

Na wewe uliyekulia majini mwili wako umeshapambana na mengi. Mtoto wa Mbagala anayefika Coco mara mbili kwa mwaka hana hiyo kinga.

---

Nahodha Mstaafu

Naomba niongeze la kwetu wavuvi, maana hamjagusa maji kujaa na kupwa, na ndiyo kila kitu hapa.

Idd inaangukia mwezi mwandamo. Mwezi ukiandama ni bamvua, maji yanapwa mbali sana na kujaa sana. Kwa Dar siku za bamvua maji hupwa kama saa 4, saa 5 asubuhi, na kujaa saa 10 jioni. Kwa hiyo mleta uzi ulifika wakati mbaya kuliko wote: bahari imeondoka, mtaro umebaki peke yake na mchanga, hakuna maji ya kuuchanganya. Kile kidimbwi mlichokiona kilikuwa maji ya mtaro matupu. Ungekuja saa 10 ungekuta bahari imeshakimeza.

Mto nao unatoka na kupwa. Maji yakijaa yanausukuma ndani kwenye mikoko, yakianza kupwa unatoka wote kwa pamoja. Ukiwa kwenye ngalawa nje ya Salenda baada ya mvua unaona mstari kabisa, kama umechorwa: upande huu maji rangi ya chai ya maziwa, upande ule kijani. Kwenye mstari wenyewe kuna povu, chupa, majani, mifuko. Baba yangu alitukataza kunawa uso upande wa chai. Hakuwa na maabara.

Na mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini, kusi ikivuma ndiyo unakaza. Kaskazini ya Salenda ni wapi? Coco.

---

Mpimamaji

Mzee wangu shikamoo. Hili la bamvua na Idd sikuwahi kulifikiria, na nimepima maji miaka mingi. Umenipa sababu ya kuchukua sampuli mbili siku moja, ya kupwa na ya kujaa, pale pale. Ningependa sana kuona tofauti yake kwenye kisahani.

---

Mama Wawili

Kaka asante kwa uzi. Mimi watoto wangu wanaipenda bahari kuliko kitu chochote, siwezi kuwaambia hatuendi tena. Niambie tu nikae siku ngapi baada ya mvua, na nikifika nikae wapi.

---

Mpimamaji

Dada usiache kuwapeleka. Kuogelea ni afya na ni ujuzi unaookoa maisha.

Kule California wananchi wanaambiwa wakae nje ya maji saa 72 baada ya mvua, yaani siku 3. Kwa masika yetu ambapo inanyesha kila siku, maana yake kuna wiki nzima nzima za kukaa mchangani tu. Mahali pa kukaa: mbali na mdomo wowote wa mtaro, mto au bomba. Mwaka 1995 kule ghuba ya Santa Monica walilinganisha waliooga mbele ya mitaro ya mvua na waliooga yadi 400 au zaidi kutoka hapo. Wa mbele ya mtaro waliumwa zaidi: homa, kutapika, masikio. Yadi 400 ni kama viwanja vitatu na nusu vya mpira. Tembea huo umbali na wanao, hata wakilalamika.

Maji ya kutuama ufukweni mtoto asiguse kabisa, hata yakionekana masafi. Mwenye kidonda kibichi asiingie. Na mchanga wenye unyevu karibu na mtaro nao unatunza vimelea, kwa hiyo mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kushika muhogo. Beba dumu la maji na kipande cha sabuni.

---

Mtoto wa Shangani

Assalaam alaykum. Niko Unguja. Mnaizungumza Coco lakini na sisi huku tuna letu. Pale Forodhani maji yakijaa jioni, vijana wanachupa kutoka ukutani, watalii wanapiga picha, kila mtu anafurahi, na mimi nilikuwa mmoja wao nikiwa skuli. Mji Mkongwe una mabomba ya zamani yanayomwaga baharini. Wazee wa mtaani wanajua kila bomba liko wapi. Watoto wanaotoka Ng'ambo kuja kuchupa hawajui.

Kinachonisikitisha ni kuwa wataalamu wa bahari tunao hapa hapa kisiwani, Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Unguja. Elimu ipo. Kumfikia mtoto aliyesimama juu ya ukuta, tayari kuchupa, ndiyo bado.

---

Mbongo Durban

Niko Durban mwaka wa 9 sasa. Huku hilo la ubao ni kawaida: maji ya fukwe kuu yanapimwa, matokeo yanatangazwa, ufukwe unafunguliwa au unafungwa. Msidhani hakuna shida. Mafuriko ya Aprili 2022 yaliharibu mitambo ya majitaka, fukwe zikafungwa, na mpaka Desemba, msimu mkubwa wa wageni, baadhi zilikuwa bado zimefungwa kwa sababu ya E. coli. Watu waligombana sana kuhusu namba: nani kapima, wapi, lini. Wapo waliokuwa wanapeleka sampuli zao maabara binafsi kulinganisha.

Lakini niwaambie, ule ugomvi wenyewe ni faida. Mnagombana juu ya namba iliyo mezani. Huko nyumbani mtagombania nini?

---

Wa Mihogo

Nisikilizeni na mimi. Nauza mihogo ufukweni mwaka wa 6, nasomesha watoto wawili kwa hiyo meza. Mkiweka ubao mwekundu, Jumapili hakuna mtu. Nyie mtaondoka na simu zenu mtakwenda kuogelea kwenye mabwawa ya hoteli. Mimi nitakwenda wapi?

---

Mpimamaji

Dada au kaka, swali lako ndilo zito kuliko yote humu, na sitalijibu kwa wepesi.

Ubao ninaouomba unabadilika. Haubandiki jina baya kwenye ufukwe milele. Angalia Paris: mto Seine ulipigwa marufuku kuogelewa tangu 1923. Kwa ajili ya Olimpiki ya 2024 walitumia takriban yuro bilioni 1.4 kuusafisha, wakachimba hodhi la mita za ujazo 50,000 la kuzuia maji ya mvua yasibebe majitaka mtoni. Pamoja na hayo yote, mvua ilinyesha, na mashindano ya triathloni (kuogelea, baiskeli na mbio) ya wanaume yakasogezwa kutoka Julai 30 hadi Julai 31. Siku moja mbele, maji yakatulia, wakaogelea. Julai 2025 wakafungua sehemu tatu kwa wananchi, na bendera ya kila siku inawaambia kama waingie au la. Mvua ikinyesha, bendera nyekundu. Jua likiwaka siku kadhaa, kijani, na watu wanarudi.

Kwako maana yake ni kwamba kiangazi, Juni mpaka Septemba, ubao ukisema kijani wiki baada ya wiki, mzazi anayeogopa leo atakuja na wanawe na watakula mihogo yako. Siku ya nyekundu watu wanaweza kuja vilevile, wakakaa, wakala, wasiingie majini. Leo hii mtoto akiumwa baada ya Coco, mama yake anasema mihogo ndiyo mbaya. Wewe ndiye unayelaumiwa kwa maji usiyoyamwaga.

---

Wa Mihogo

Hilo la kulaumiwa ni kweli tupu. Limenikuta zaidi ya mara moja. Sawa, nawasikiliza.

---

Mlipa Kodi

Swali la kitaalamu: umesema matokeo yanatoka kesho yake. Kwa hiyo ubao wa leo unaniambia maji ya jana. Sasa una faida gani?

---

Mpimamaji

Umegusa kidonda chenyewe cha kazi hii, na duniani kote kinauma. Unachota Jumamosi asubuhi, watu wanaoga Jumamosi nzima, jibu linatoka Jumapili. Chicago walihamia kwenye kipimo cha vinasaba, kinachotoa jibu siku hiyo hiyo, na San Diego wakafuata 2022 kwa mtambo wa namna hiyo. Ni ghali, siyo pa sisi kuanzia.

Penye maabara ya kawaida, dawa ni kumbukumbu. Pima sehemu ile ile, saa ile ile, kila wiki, na kila mara andika mvua ya siku tatu nyuma, maji yanajaa au yanapwa, upepo, rangi ya maji. Baada ya misimu miwili unayo picha: mvua ya kiasi hiki ikinyesha, ufukwe huu huharibika kwa siku hizi. Kuanzia hapo ubao unaweza kugeuka mwekundu alfajiri kwa sababu ya mvua ya usiku, kabla hata chupa haijachotwa, na sampuli ikaja kusema lini urudi kijani. Sheria ya Ulaya ya 2006 inadai sampuli zisizopungua 4 kwa msimu na hukumu itoke kwenye miaka 4 ya takwimu. California wanapima kila wiki kuanzia Aprili mpaka Oktoba kwenye fukwe zenye watu wengi na mitaro. Sisi tunaoga mwaka mzima, kwa hiyo tupime mwaka mzima.

Vifaa nilivyovitaja, kichujio, inkubeta, visahani, viko kwenye maabara nyingi zinazopima maji ya kunywa. Kinachokosekana ni mtu wa kwenda na boksi la barafu kila Jumatatu, chakula maalumu cha kuoteshea enterokoki, na ruhusa ya kubandika.

---

Mama Wawili

Na sisi tusio na maabara tufanye nini? Nimechoka kusubiri.

---

Mpimamaji

Dada, nusu ya kazi haihitaji maabara. Shirika la Afya lenyewe linataka namba za maabara ziambatane na ukaguzi wa macho: mtu anatembea ufukwe mzima na kuandika kila mdomo wa mtaro, kila bomba, kila kidimbwi, vyoo viko wapi, vinavuja au la. Hakuna aliyenionesha ramani ya namna hiyo kwa Coco.

Mimi niko tayari kuanza. Jumamosi ya bamvua inayokuja, saa 3 na nusu asubuhi, upande wa kusini wa ufukwe. Tutatembea kuelekea kaskazini. Tutapiga picha kila mdomo, simu inaonesha mahali ulipo, tutaandika kama unatoka maji siku isiyo na mvua. Hiyo ni alama muhimu sana: mtaro wa mvua unaotiririka kiangazi kikavu unabeba kitu kingine. Vaeni viatu vya kufunika vidole, na msishike yale maji.

---

Nahodha Mstaafu

Nitakuja. Saa 3 na nusu sawa, ila saa 5 yatakuwa yameanza kurudi, msichelewe. Kuna bomba moja huwa linaonekana siku za bamvua kubwa tu, lina kome wengi mdomoni. Nitawaonesha.

---

Wa Mihogo

Mimi nipo hapo kuanzia saa 2. Ule mtaro wa kidimbwi alichosema mleta uzi naujua, uko hatua chache kutoka meza yangu. Unatoka maji kila siku, mvua iwepo isiwepo. Asubuhi saa 12 ndiyo yanakuja mengi, yana povu.

---

Mpimamaji

Basi nitakuja saa 12, nianzie hapo. Nitabeba chupa mbili na barafu.